Kanzu Tisa za Mtakatifu Antoni

Alipofika kanzu ya sita, Mama Pindo alianza kucheka. Alipofika ya tisa, kicheko kilimkauka kooni.

Alikuwa peke yake sakristia, chumba kile cha nyuma ya altare ambamo mapadre huvalia. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, na mlango ameutia komeo kwa ndani. Mbele yake alisimama Mtakatifu Antoni, somo wa parokia, mrefu kama mtu mzima, Mtoto Yesu mkono wa kushoto, yungiyungi mkono wa kulia, uso mpole kama wa mtu ambaye hajawahi kudaiwa wala kudai. Sanamu hiyo ilikuwa ikivalishwa kanzu ya kitawa ya kitambaa halisi, rangi ya kahawia, na kamba nyeupe kiunoni. Jumapili ilikuwa sikukuu yake, na Mama Pindo alikuja na kanzu mpya mkononi.

Jina Mama Pindo alipewa na wateja. Fundi cherehani yule akikutana nawe njiani hakutazami usoni kwanza, anatazama pindo la nguo yako. Likiwa limepanda upande mmoja atakwambia hapohapo, hata kama unakwenda msibani. "Umeshonewa na nani, adui yako?" Watu walimwogopa na wakampelekea nguo, kwa sababu pindo lake lilinyooka kama mstari wa daftari.

Lakini kumvalisha mtakatifu haikuwa kazi yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mama mkwe wake, ambaye parokia nzima ilimwita Bibi Mishumaa, mtunzaji wa mishumaa na sanamu tangu wengi wetu hatujapata kipaimara. Kila baada ya miaka mitatu mama mkwe alisema, "Mkwe, kata kitambaa, mtakatifu anataka kubadili." Mama Pindo alikata, akashona, akakabidhi. Mama mkwe akajifungia sakristia na mtakatifu wake, akatoka baada ya saa nzima akitokwa jasho. Na kila mara vipimo viliongezeka. "Ongeza inchi mbili kiunoni." Inchi mbili, tena mbili, tena mbili. Wanakwaya walitania kwamba mtakatifu ananenepa kwa sababu sala zinamkaa mwilini.

Mwezi huo Bibi Mishumaa alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akiwa kitandani alimwita mkwe wake na kumpa ufunguo wa sakristia kama mtu anayetoa jino.

"Mvalishe juu kwa juu. Usimvue. Mtakatifu havuliwi nguo kama mtoto anayeogeshwa."

"Ndiyo, mama."

Lakini fundi ni fundi. Alipomgusa mtakatifu begani aliona mshono wa kanzu ya juu, na chini yake mshono mwingine, na chini yake mwingine. Ndiyo maana inchi hazikwisha! Bibi hakuwa akimbadilisha nguo, alikuwa akimrundikia. Kweli mtu atavalisha kanzu ya kumi juu ya tisa, fundi mwenye jina lake akae kimya? Alitoa kisu chake cha kufumulia mishono.

Ya kwanza ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, alipomwoza binti yake mkubwa. Ya pili ilikuwa ya mwaka ambao mumewe alilala hospitali miezi miwili, naye akasali Jumanne tisa mfululizo mbele ya sanamu hii, akishika nyayo zake mpaka vidole vikafa ganzi, na mume akarudi nyumbani anachechemea lakini yu hai. Ya nne ilikuwa na mishono ya upogo. Aliishika muda mrefu. Huo ni mwaka aliomzika mwanawe wa tatu, na aliishona akilia, na hakuifumua kwa sababu hakuwa na nguvu. Katika ya sita alikuta mfukoni pipi iliyoyeyuka zamani, mtoto gani sijui alimpa mtakatifu, na hapo ndipo alipocheka.

Ya tisa hakuishona yeye. Ilishonwa kwa mkono, mishono mikubwa kama ya kufunga gunia. Chini yake palikuwa na shuka kuukuu, limezungushwa kifuani na kukazwa kwa pini. Alichomoa pini moja, mbili, tano. Shuka likaanguka.

Mtakatifu Antoni alikuwa na kifua cha mwanamke.

Mama Pindo alirudi nyuma hatua tatu akagonga kabati la mavazi. Alifanya ishara ya msalaba. Alitazama dirishani kama kuna mtu. Kisha akatazama tena, kwa sababu macho huwa hayaamini mara ya kwanza. Kichwa kilikuwa cha plasta. Mikono ya plasta. Nyayo, zile nyayo ambazo watu walizibusu, za plasta pia. Lakini katikati, kuanzia shingo hadi nyonga, palikuwa na kiwiliwili cha kitambaa kilichojazwa pamba, kimefungwa kwa waya na vipande vya mbao. Ulikuwa mdoli. Mdoli wa fundi cherehani wa kuvalishia nguo.

Na kwenye nyonga ya kushoto palikuwa na kiraka cha pembe nne, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono imekwenda kombo kama njia ya panya.

Aliketi sakafuni, pale pale juu ya rundo la kanzu tisa. Kiraka kile alikijua. Alikijua kuliko kovu la goti lake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ishirini na saba iliyopita. Alikuwa bibi harusi mpya, na kibanda chake cha ushonaji kilikuwa na cherehani moja na mdoli mmoja, aliouita Bi Kiuno. Alikuwa na Bi Kiuno kabla ya kuwa na mume, naye alijigamba hivyo mbele ya mume. Aliyemsaidia kazi alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye Mama Pindo alimlea tangu mama yao alipofariki. Siku moja pasi iliunguza nyonga ya Bi Kiuno, naye akamwambia mdogo wake, "Wewe uliyeunguza, wewe ushone kiraka." Msichana alichukua uzi mwekundu, kwa ukaidi tu, akashona kombo kombo. Kilikuwa kiraka chake cha kwanza.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Bi Kiuno alitoweka. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo wa pili alikuwa nao mdogo wake, na siku mbili nyuma walikuwa wamegombana, msichana akasema atafungua kibanda chake mwenyewe. Kwa Mama Pindo hilo lilitosha. Jumanne, baada ya ibada ya Mtakatifu Antoni, yule anayeombwa vitu vilivyopotea, alimshika mdogo wake mkono akamburuta hadi mbele ya sanamu, watu wangali mabenchini.

"Apa!"

Msichana aliweka kiganja kwenye kanzu ya mtakatifu, hapa nyongani kushoto. "Mtakatifu Antoni anajua mdoli ulipo. Mimi sijui."

"Ondoa mkono wako wa wizi kwa mtakatifu!" Na akaupiga ule mkono, kofi lililosikika mpaka kwenye kinanda.

Jioni hiyo mdogo wake alifunga nguo zake akaondoka. Hakwenda mbali. Akawa mpishi wa shule, upande wa pili wa mtaa, na watu wakamwita Mpishi. Hakushika tena sindano. Kanisani yeye aliketi kushoto karibu na mlango, Mama Pindo kulia benchi la mbele. Padre akisema mtakiane amani, kila mmoja alimpa mkono jirani yake. Mwana wa tatu wa Mama Pindo alipozikwa, Mpishi alisimama nje ya uzio, akaondoka kabla ya udongo wa mwisho.

Na Mama Pindo? Miaka mitatu ya kwanza alisali kila Jumanne, "Mtakatifu Antoni, kilichopotea kionekane, na mwizi aumbuke." Alikuwa akimwambia Bi Kiuno usoni. Mdogo wake alikuwa ameapa akiwa ameushika mdoli wenyewe, kiganja kwenye kiraka chake mwenyewe, na nguo moja tu katikati!

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hata wahenga hawakufikiria nguo tisa.

*

Alimfunika mtakatifu kwa vazi la mwanakwaya, akafunga mlango, akaenda nyumbani karibu anakimbia. Bibi Mishumaa alikuwa amelala chali, rozari vidoleni.

"Mama, nimemvua."

Rozari ilisimama.

"Nilikwambia nini, wewe?"

"Uliniambia nisimvue. Sasa nimejua kwa nini. Bi Kiuno anakusalimu."

Mzee alitazama dari, midomo inacheza, kama mtu anayetafuta sala ya kufaa akakosa.

"Funga mlango," alisema.

Alieleza macho yakiwa palepale darini. Siku chache kabla ya sikukuu ile alipanda kigoda kumfuta mtakatifu utando wa buibui. Kigoda kiliyumba, akamshika mtakatifu shingoni, wakaanguka wote wawili. "Plasta ilipasuka kama yai. Kichwa kilibingirika mpaka chini ya benchi la wanakwaya, kikanitazama kutoka huko." Alimwita mumewe, marehemu seremala, akaja na msumeno na waya. Seremala akasema kichwa kipo, mikono ipo, nyayo zipo, kinachokosekana ni kiwiliwili.

"Nikasema, najua kiwiliwili kilipo."

"Kibandani kwangu."

"Ufunguo wako ulikuwa umetundikwa jikoni kwangu, mkwe. Nilisema nitakwambia sikukuu ikipita. Ilipopita, ulikuwa umeshamfukuza yule mtoto."

Mama Pindo alishika ukingo wa kitanda. "Alipoapa ulikuwepo. Ulisimama kando yake na mishumaa miwili. Nakuona mpaka leo!"

"Nilikuwepo." Mzee alitoa mkono chini ya shuka. Mgongoni mwa kiganja palikuwa na kovu jeupe, ambalo watu wote walidhani ni la jikoni. "Nta ilinimwagikia hapa, sikuisikia. Watu walikuwa wameshamlilia miguuni, wameshamwekea maua. Ningesimama niwaambie nini? Kwamba mnalilia mdoli? Kila Jumanne, mshumaa wa kwanza nauwasha kwa ajili ya mdogo wako."

"Mshumaa!" Sauti ya Mama Pindo ilipasuka. "Alihitaji neno moja, mama. Neno moja! Ukampa mshumaa!"

"Niliungama."

"Kwa nani?"

"Kwa padre wa zamani, yule mwenye ndevu. Akanipa kitubio."

"Kitubio gani?"

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili.

"Alisema nikwambie."

"Na?"

"Bado sijakimaliza."

Mama Pindo alifungua mdomo amtukane, Mungu amsamehe, tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mzee aliendelea, kwa sauti ndogo ambayo mkwe wake hakuwahi kuisikia. "Wewe umewahi kuniona nikipokea komunyo?"

Mama Pindo alitaka kusema ndiyo, kila Jumapili. Kisha akafikiria. Wakati wa komunyo Bibi Mishumaa huwa anabadilisha mishumaa ya pembeni. Au ananyoosha maua. Au ametoka kuchota maji. Parokia nzima ilimsifu, mama yule hapumziki hata dakika moja. Miaka ishirini na saba mwanamke huyu alikuwa akiishi hatua tano kutoka kwenye altare, na hakuwa ametia kitu mdomoni.

Lile tusi lilirudi tumboni. Alitoka nje bila kuaga, akakaa ngazini.

*

Paroko alikuwa kijana, ana miaka minne tu parokiani, mwenye haraka na viatu safi. Alimfuata Mama Pindo sakristia akisema ana dakika kumi. Fundi alilivuta lile vazi la mwanakwaya.

Paroko alizunguka sanamu mara moja, polepole. Aligusa waya. Alitazama kifua, akatazama pembeni haraka, akaketi kwenye kiti cha kuungamishia.

"Nimemfukizia ubani," alisema. "Miaka minne. Nimeufukizia ubani mdoli wa fundi."

"Wewe minne, Baba. Mimi ishirini na saba." Alimsimulia yote, ya kigoda, ya kiapo na ya sikukuu iliyosubiriwa ipite, kisha akakunja mikono kifuani. "Nilimwombea mume wangu hapa, akapona. Nilimwombea mwanangu hapa hapa, akafa. Nataka kujua, nilikuwa nasema na nani?"

Padre alisugua uso. "Una picha ya marehemu mama yako?"

"Ipo ukutani."

"Ukiibusu, unabusu karatasi?"

"Karatasi ile haikuibwa kibandani kwangu, Baba."

Padre alicheka bila kupenda, kisha akawa mzito. Alimwambia yale anayowaambia watoto wa katekisimu, lakini safari hii aliyasema kama mtu anayejikumbusha mwenyewe: kwamba anayeabudiwa ni Mungu peke yake, mtakatifu tunamheshimu na kumwomba atuombee, na sanamu ni ukumbusho tu. "Plasta ile ya zamani haikusikia neno lako hata moja. Na kitambaa hiki pia. Wala hakuna sala iliyopotea njia eti kwa sababu tumbo lilikuwa la pamba. Antoni hakukaa humu siku hata moja."

"Basi kwa nini nasikia nimetapeliwa?"

"Kwa sababu umetapeliwa. Si na mtakatifu." Alisimama. "La sanamu niachie mimi, nitatafuta fundi. Kwa sasa mvalishe, tusimwache hivi. La mdogo wako ni lako, mama, na usilisubirishe mpaka sikukuu ipite. Kuna mtu aliwahi kusubiri sikukuu ipite."

*

Jiko la shule lilikuwa banda la mabati lililojaa moshi na mvuke wa maharage. Mpishi alikuwa amesimama juu ya tofali, akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Alimwona dada yake mlangoni. Hakumwamkia. Katika miaka yote hiyo hakumwamkia, na mdogo asiyemwamkia mkubwa wake huwa amesema yote.

"Umepotea?" aliuliza Mpishi. "Ofisi ya mwalimu mkuu ni kule."

"Nimekuja kwako."

"Kwangu kuna maharage tu, na yamehesabiwa. Mwizi ni mimi, usije ukanipokonya jina."

Mama Pindo alikuwa amepanga maneno njiani, maneno mazuri, yenye pindo lililonyooka. Yote yalimtoka. "Bi Kiuno ameonekana."

Mwiko ulisimama.

"Yuko ndani ya Mtakatifu Antoni. Chini ya kanzu. Mama mkwe alimvunja mtakatifu, akauchukua mdoli kuziba. Hukuuchukua wewe. Siku ile ulipoapa ulikuwa umeushika."

Mpishi alimtazama muda mrefu, maharage yakaanza kuungua, harufu ikapanda, hakuna aliyejali. "Nionyeshe," alisema.

Walikwenda, mmoja mbele, mmoja nyuma. Sakristia, Mpishi alisimama mbele ya kile kiwiliwili. Alipiga magoti, akauona uzi mwekundu, akapitisha kidole kwenye kila mshono kana kwamba anavihesabu vidole vya mtoto mchanga. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha Mama Pindo akagundua kwamba si kicheko tena.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema Mpishi chini, mgongo umemgeukia dada yake. "Nililala usiku mwingi nikijiuliza labda niliuchukua kweli, nikasahau. Unajua hilo? Mtu akiitwa mwizi na aliyemlea, anaanza kujipekua."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Hapana." Aliinuka, akajifuta uso kwa kiwiko, kama wapishi wafanyavyo. "Hukunipiga mkono humu ndani. Ulinipiga mbele ya watu, benchi la mbele limejaa. Sitaki msamaha wa chumbani. Kesho ni Jumanne."

"Nikisema mbele ya watu, mama mkwe ataaibika. Ni mzee, amevunjika."

"Na aibu yangu mimi ilimsumbua nani?" Alikwenda mlangoni. "Kesho, dada. Ama usinijie tena."

Aliondoka kuokoa maharage yake. Mama Pindo alibaki na mtakatifu, kanzu mpya iliyotaka kupunguzwa, na sindano iliyokataa kuingiwa uzi.

Jioni alimwambia mama mkwe wake. "Kesho nitamsafisha mdogo wangu. Jina lako sitalitaja." Mzee aligeukia ukutani.

*

Jumanne saa kumi na moja jioni kanisa lilijaa, kwa kuwa sikukuu ilikuwa karibu. Mnong'ono ulianzia mlangoni. "Mtakatifu amekonda!" Kweli, alikuwa amevaa kanzu moja tu, na baada ya kumzoea na unene wake watu walimwona kama mtu aliyetoka kuugua. "Kafunga mapema," alisema mwanakwaya mmoja, wenzake wakabana vicheko.

Kisha vicheko vikazimika. Wanaume wawili waliingia wamebeba kiti cha jikoni, na juu ya kiti ameketi Bibi Mishumaa, nyonga imefungwa, uso umesawijika kwa maumivu. Mama Pindo aliinuka nusu, akaketi tena. Nani amemleta? Kaja kumzuia?

Walisali. Kabla ya litania, Paroko alimtazama fundi, aliyekwisha kumwomba nafasi, akarudi nyuma kidogo. Mama Pindo akasimama. Ulimi wake, ule ulimi uliowahi kumwambia mke wa mkuu wa polisi kwamba sketi yake imekata tamaa, ulikuwa mzito kama chuma cha pasi.

"Mnanijua," alisema. "Miaka ishirini na saba iliyopita, hapa hapa, nilimwita mdogo wangu mwizi. Nikampiga mkono. Wengine mlikuwepo. Mdoli wangu umeonekana. Hakuuchukua yeye. Nilimsingizia, na nyinyi mkaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Kosa ni langu."

Kanisa zima liligeuka kutazama benchi la mlangoni. Mpishi alikaa wima, hakupepesa jicho.

"Umeonekana wapi?" Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, ambaye hawezi kuacha jambo likiwa na kona.

Mama Pindo alifunga mdomo. Alitazama sakafu. Paroko alikohoa.

"Umesimama mbele yenu," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha jikoni. "Umevaa kanzu ile. Mtakatifu nilimvunja mimi. Mdoli niliuiba mimi. Mtoto wa watu alipoapa, nilikuwa pembeni yake, na nikanyamaza. Ndiyo hiyo. Sasa nimemaliza kitubio."

Sitaweza kueleza kelele iliyofuata. Wako waliopiga magoti, wako waliosimama juu ya mabenchi waone. Mwanakwaya mmoja aliinama kana kwamba amepigwa tumboni, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Mama mmoja mnene wa benchi la tatu alikuwa akijifuta midomo kwa nguvu. "Nimembusu! Mwaka wa ishirini huu nambusu!"

"Ulibusu nyayo," Bibi Mishumaa alimjibu kwa ukali wake wa siku zote. "Nyayo ni zake. Kaa chini."

Na hapo kelele ikafa yenyewe, kwa sababu Mpishi alikuwa ameondoka mlangoni. Alipita katikati ya mabenchi, viatu vyake vya plastiki vinalia, mpaka mbele ya sanamu. Aliweka kiganja nyongani, palepale. Akageuza uso kumtazama dada yake. Akasubiri.

Mama Pindo alisogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa unamwasha, kana kwamba lile kofi limelala humo muda wote huo.

"Uache hapo," alisema. "Mkono wako uache hapo hapo."

Mpishi aliuacha. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Kisha akainamisha kichwa, akatazama chini, na jicho la mwanafunzi wa zamani likamwamka.

"Pindo la kushoto limepanda," alisema.

"Nililishona mkono ukitetemeka."

"Hata hivyo." Alivuta kamasi. "Shikamoo, dada."

Mama Pindo alijibu marahaba, lakini ilitoka kama pumzi tu, na waliokaa nyuma wanasema hakujibu.

Jumatano Mpishi alikuja sakristia na sindano na uzi wake. Alifumua pindo lote akalishona upya, na vidole vilivyoshika mwiko miaka ishirini na saba vilikuwa vizito, mishono ikaenda kombo. Uzi aliochagua ulikuwa mwekundu. Mama Pindo alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akiuma mdomo.

Siku ya sikukuu, wakati wa komunyo, mishumaa miwili ya pembeni iliungua mpaka chini na hakuna aliyekwenda kuibadilisha, kwa maana mwenye kuibadilisha alikuwa kwenye foleni, juu ya kiti cha jikoni, mdomo wazi kabla hata hajafikiwa. Watu walimtazama yeye. Wengine walitazama lile pindo jekundu lililopanda na kushuka kuzunguka nyayo za mtakatifu, kisha wakamgeukia Mama Pindo, wakingoja aseme neno.

Hakusema.